Shubiri Moja Kutoka Mkononi

Ipo nchi ambayo jina lake sitaliandika. Sisukumwi na hofu. Raia wake wamenihakikishia kwamba jina hilo liko tayari kuandikwa, na katika nchi hiyo jambo likiwa tayari huhesabiwa kuwa limekwisha.

Humo hamna barabara mbovu, kwa kuwa barabara zote ziko tayari kutengenezwa. Wazima moto huvaa kofia zao tangu alfajiri, na nyumba ikiwaka hujipanga mbele yake kwa mstari ulionyooka, wakaitazama kwa utayari mkubwa hadi inapozimika yenyewe. Gari la wagonjwa la Hospitali ya Wilaya ya Chemvuli limekaa juu ya mawe tangu lilipopoteza magurudumu, nalo limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu: NIPO TAYARI. Wageni hushangaa. Mimi sishangai, kwa maana nimeisoma Sheria ya Utayari kuanzia dibaji hadi jedwali la mwisho, nayo imeandikwa kwa lugha safi, ukiacha mikato michache iliyowekwa pasipostahili.

Kiini cha sheria hiyo ni kwamba atendaye huwaaibisha walio tayari. Mwalimu mmoja akifundisha, watu watauliza wenzake wanafanya nini. Kwa hiyo kutenda bila kibali ni kosa la jinai, na kibali hutolewa na Wizara ya Utayari, ambayo, kama inavyotarajiwa, iko tayari kukitoa.

*

Wataalamu wa nchi hiyo waliwahi kugundua jambo la kweli kabisa, nalo ni kwamba presha haiumi. Mtu huweza kuishi nayo miaka na miaka, akala, akacheka, akamwozesha binti yake, kisha akaanguka uani akiwa na birika mkononi. Jino halina ustahimilivu huo. Jino likiuma, hata yule asiyemwamini daktari yeyote hujifunga kitambaa shavuni akaenda. Basi wataalamu wakashauri kwamba kila akaaye kwenye kiti cha daktari wa meno apimwe presha kabla ya kufumbua kinywa, ili ugonjwa usiopiga hodi ukamatwe kwa msaada wa ule unaopiga kelele.

Ushauri ulikuwa mzuri mno. Serikali iliupokea kwa mikono miwili, ikauliza swali moja tu: je, madaktari wa meno wako radhi?

Wakaulizwa nchi nzima, na wote wakawa radhi. Hata daktari aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia alihesabiwa kuwa radhi, kwa sababu hakupinga. Asilimia ilipofika mia, Serikali ilitangaza ushindi dhidi ya presha, ikatenga siku ya kuuadhimisha.

Siku hiyo huadhimishwa hivi. Hospitali moja huchaguliwa. Mashine ya kupimia presha, yenye mkanda wa kitambaa, mpira wa kupulizia na saa ya mshale, huletwa ikiwa ndani ya sanduku la mahameli. Raia mteule, ambaye lazima awe mzima wa afya, huketi kwenye kiti. Daktari wa meno huushika mkanda kwa mikono miwili, akausogeza karibu na mkono wa raia, akausimamisha umbali wa shubiri moja, kisha akatamka: "Niko radhi." Watu hupiga makofi. Mashine hurudishwa sandukuni.

Umbali wa shubiri ndio roho ya sherehe. Mkanda ukisogea zaidi, unakaribia kutenda. Ukiugusa mkono, sherehe huvunjwa papo hapo na daktari hushitakiwa. Ndiyo maana nchi hiyo inaye Mkaguzi wa Shubiri.

*

Mkaguzi wakati huo alikuwa Bwana Hamduni Ngoleka, mtu mnene, mnyoofu, mwenye rula ya mbao ya mninga aliyoichukua kila alikokwenda, hata msikitini. Hakupata kusema uongo juu ya shubiri. Juu ya mambo mengine sina ushahidi. Yeye ndiye aliyempeleka mahakamani Daktari Fumbwe, aliyempima muuza mboga mmoja kweli kweli, akamwokoa, na kwa kosa hilo daktari huyo akahamishiwa Bandari ya Jangwani ili awe tayari kuwatibu mabaharia. Inasemekana anazisubiri meli hadi leo, na kwamba mchanga ni mwingi.

Mwaka ninaousimulia, hospitali iliyochaguliwa ilikuwa ya Chemvuli, na daktari wake wa meno alikuwa Daktari Siwema Mkangala, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya sherehe alikuwa akisafisha koleo zake, mlango uliposukumwa akaingia Mkaguzi mwenyewe, shavu la kulia limevimba kama andazi. Nyuma yake alikuwapo mkewe, Bibi Mishi, amelibeba lile sanduku la mahameli kichwani.

"Ng'oa," alisema Mkaguzi, akajitupa kitini. "Gego la chini. Mheshimiwa Waziri anafika saa nne, na mimi ndiye ninayesoma kiapo. Siwezi kusoma kiapo cha Taifa kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni."

"Pole sana, Bwana Mkaguzi. Kichwa kinauma?"

"Nimekuja na jino, Daktari. Sikuja na kichwa."

"Kichwa umekuja nacho, Baba Riziki," alisema Bibi Mishi, akilitua sanduku. "Na kimekuuma tangu Ramadhani. Mwambie Daktari ulivyopapasa ukuta jana ukitafuta mlango, na mlango uko wazi."

"Hayo ni mambo ya nyumbani, mwanamke!"

"Na wewe ni wa wapi? Wa Wizarani?"

Daktari Siwema aliinama akamtazama Mkaguzi. Uso ulikuwa mwekundu usio wa kawaida, na mshipa wa shingo ulikuwa ukiruka.

"Bwana Mkaguzi," alisema taratibu, "ganzi nitakayokudunga ina dawa inayokaza mishipa. Kama presha yako imepanda, naweza kukumaliza kwa sindano. Na nikishang'oa, damu inaweza kukataa kukoma. Sikugusi kabla ya kukupima."

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyesikia tusi limetamkwa kwa sauti ya upole.

"Uko radhi kunipima?"

"Niko radhi."

"Basi imetosha. Umeshapima. Ng'oa."

"Sing'oi."

"Daktari Siwema, unamkumbuka Daktari Fumbwe?"

"Namkumbuka. Alinifundisha kazi."

"Aliniandikia salamu za Idi," alisema Mkaguzi, sauti ikipungua kidogo. "Bahasha ilijaa mchanga."

Daktari alikuwa na mama mzee ambaye ilimbidi amlishe kwa kijiko kila jioni, na Bandari ya Jangwani haina makao ya wazee. Ina gati tu. Alijua kwamba akimpima mtu huyu ataondoka Chemvuli, na asipompima, mtu huyu huenda asiondoke kitini. Hakuna kifungu cha sheria nilichokisoma kinachoeleza afanyeje.

Akalifungua sanduku. Aliutoa mkanda, akaushika kwa mikono miwili, akausimamisha karibu na mkono wa Mkaguzi.

"Basi tufanye mazoezi ya sherehe," alisema. "Nipimie shubiri. Hilo si kosa."

Mkaguzi alifurahi kuombwa jambo la maana. Alichomoa rula, akaiweka kati ya mkanda na mkono wake, akafinya jicho moja.

"Shubiri moja," alitangaza. Kisha akaangalia tena. "Shubiri... moja na nusu." Akayafikicha macho. "Usiusogeze mkanda!"

"Sijausogeza."

Akapima mara nyingine. Mistari ya rula, aliyoifahamu kuliko nyuso za wanawe, ilikuwa ikielea kama nzi juu ya maziwa. Mikanda ilikuwa miwili. Madaktari walikuwa wawili. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Bwana Ngoleka hakujua shubiri ni ngapi.

"Mishi," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya Wizara, "rula yangu imeharibika."

Bibi Mishi alikwenda akaufunga mlango kwa komeo. "Rula haina neno, mume wangu," alisema. "Mpe Daktari mkono."

Akautoa. Aliutoa polepole, kama mtu anayekabidhi silaha.

*

Mkanda ulifungwa, mpira ukabanwa, mshale ukapanda. Ulipita mahali unapopaswa kusimama, ukapita mahali unapoweza kusamehewa, ukaendelea. Daktari Siwema alisikiliza mapigo, akasoma: mia mbili na ishirini juu ya mia moja na thelathini. Hakuitamka hesabu hiyo.

"Inasemaje?" aliuliza Mkaguzi.

"Inasema jino lisubiri, na wewe usisubiri hata kidogo. Dawa unayoihitaji iko Hospitali Kuu, mjini. Tutafute gari."

"La wagonjwa si lipo?"

"Lipo tayari," alisema Bibi Mishi. "Tatizo lake ni magurudumu."

Hapo ndipo matarumbeta yalipolia nje ya dirisha. Mheshimiwa Bazilio Luhembwe, Waziri wa Utayari, alikuwa amefika kabla ya saa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya nchi ile, na ambalo baadaye liliundiwa kamati. Komeo lilitikiswa. Bibi Mishi aliivua khanga yake ya mabega, akaitupa juu ya mkono wa mumewe, mkanda na mpira vikafichika, kisha akafungua.

Wakaingia Waziri, mwanasheria wa Wizara, wapiga picha, wapiga matarumbeta na raia mteule, mchezaji mstaafu wa mpira wa wavu, akiwa na soda. Chumba kikajaa hadi kwenye karai la kutemea mate.

"Aa! Mkaguzi mwenyewe kitini!" alisema Waziri, akaguswa moyo. "Mnaona, ndugu zangu? Huyu hakungoja raia mteule. Huyu yuko tayari kuliko walio tayari!"

Raia mteule akaonekana kufarijika, akaendelea na soda yake.

Kwa mujibu wa kanuni, Mheshimiwa akianza kuhutubia mlango hufungwa, na atokaye kabla ya mwisho huhesabiwa kuwa hakuwa radhi kusikiliza, kosa ambalo adhabu yake sitaitaja mbele ya watoto. Mlango ukafungwa. Mheshimiwa akakohoa.

"Ndugu wananchi wa Chemvuli, mlio radhi na mtakaokuwa radhi! Yapo mataifa yanayopima presha. Yamepata nini? Yamepata presha!"

Makofi.

"Sisi hatukupima, na takwimu zetu ni nyeupe kama shuka la harusi! Nani leo hapa ana presha? Anyooshe mkono!"

Mkono wa Bwana Ngoleka ulitikisika chini ya khanga, lakini haukunyooka. Daktari Siwema alikuwa ameushika kifundoni, vidole juu ya mshipa, na mapigo aliyoyahisi yalikuwa kama ya mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Waziri alieleza historia ya utayari tangu enzi za mababu, ambao walikuwa tayari kupata uhuru. Akaeleza mipango ya baadaye, ambayo ni kuwa tayari zaidi. Dirisha lilifungwa ili sauti ya hotuba isipotee. Joto likapanda. Rula ya mninga iliteleza kutoka katika vidole vya Mkaguzi, ikaanguka sakafuni, na hakuinama kuiokota.

Bibi Mishi aliona. Wote waliokuwa wakimfahamu mumewe wangeona.

"Daktari," alinong'ona, "midomo yake inakwenda upande."

"Naona, Mama Riziki."

"Unaona. Na unafanya nini?"

Swali hilo, katika nchi ile, ni tusi zito. Daktari Siwema alilipokea usoni kama kofi.

"Na sasa," Waziri alinguruma, "kabla ya kuingia sehemu ya pili ya hotuba, ambayo ndiyo ndefu, tunasikiliza moyo wa sherehe yetu! Mkaguzi wa Shubiri! Liambie Taifa: ni shubiri ngapi?"

Kamera zikageuka. Bwana Ngoleka aliinua macho, akamtafuta Daktari kati ya madaktari wawili aliowaona. Mkanda ulikuwa umembana mkononi. Kati yake na ngozi hapakuwa na nafasi ya kupitisha uzi. Alijua. Angesema kweli, sherehe ingevunjwa, naye angepata gari. Daktari huyu angepata mchanga.

"Shu..." alianza. Ulimi ukawa mzito. "Shubi... mo..."

Daktari Siwema akaelewa kwamba mtu huyu, ambaye hakupata kudanganya juu ya shubiri, alikuwa akitumia pumzi zake za mwisho kudanganya kwa ajili yake. Akaivuta khanga.

"Hakuna shubiri, Mheshimiwa," alisema. "Mkanda umefungwa. Nimempima, na presha aliyonayo inamuua hapa mbele yetu. Nimetenda."

Wapiga matarumbeta, wakidhani ndio mwisho, walipiga wimbo wa Taifa. Ilibidi wote wasimame hadi uishe. Wote isipokuwa mmoja.

*

Ningependa msomaji auheshimu weledi wa mwanasheria wa Wizara, kwa sababu ndio uliookoa maisha ya Bwana Ngoleka. Wimbo ulipokwisha, na Waziri akiwa bado hajapata rangi ya uso, mwanasheria alisogea.

"Mheshimiwa, mshitakiwa anadai ametenda. Dai si ushahidi. Kwa kifungu cha tisa, tendo halithibitiki hadi lirudiwe mbele ya Tume ya Maprofesa, katika Hospitali Kuu, kwa mkono ule ule."

"Basi mkono upelekwe!"

"Mkono umeungana na mwenyewe, Mheshimiwa."

"Apelekwe naye!"

Gari pekee lenye magurudumu lilikuwa la Waziri. Bwana Ngoleka alilazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, king'ora kikalia, barabara zilizokuwa tayari kutengenezwa zikawarusha hadi mjini. Maprofesa, ambao tangu wahitimu walikuwa radhi tu, walifungua mashine mpya kabisa, wakampima mmoja baada ya mwingine ili ushahidi usitiliwe shaka. Hesabu ilithibitika. Tendo lilithibitika. Daktari Siwema akatiwa pingu.

Likazuka suala jipya. Mkaguzi sasa alikuwa kielelezo cha mahakama, na sheria inakataza kielelezo kuharibika kabla ya hukumu. Mahakama ikaamuru kihifadhiwe. Maprofesa wakakihifadhi kwa njia waliyoijua: dawa ya kushusha presha kila asubuhi, chumvi kidogo, matembezi ya jioni, na mlinzi wa kuhakikisha hakikasiriki. Midomo yake ilirudi mahali pake. Ulimi ulirudi taratibu. Kesi iliahirishwa mara nyingi, na kila ilipoahirishwa kielelezo kilinawiri. Gego tu ndilo lililoendelea kumuuma, kwa kuwa halikuwa sehemu ya mashitaka, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Siku ya hukumu, mshitakiwa aliulizwa kama ana la kusema.

"Kielelezo kinaendeleaje?" aliuliza.

"Niko salama, Daktari," kilijibu kielelezo, kikakemewa kwa kusema bila kuapishwa.

Hakimu akavaa miwani. "Mahakama hii ilikusudia kukuhamishia Bandari ya Jangwani," alisema, "lakini imeelezwa kwamba Daktari Fumbwe anaijaza. Kwa hiyo utarudi Chemvuli, na kila Jumatatu hadi utakapostaafu utaushika mkanda umbali wa shubiri moja kutoka katika mkono uliouvunjia heshima, bila kuugusa, ili ujifunze tofauti kati ya nia na kitendo. Mwenye mkono atapima shubiri. Askari atakaa mlangoni, na atatangaziwa kipimo kwa sauti."

Mama mzee wa Daktari, aliyeletwa mahakamani akiwa kwenye kiti, aliuliza kwa nguvu kama hiyo ni habari njema au mbaya. Hakuna aliyekuwa na kibali cha kumjibu.

*

Jumatatu ya kwanza, Bwana Ngoleka alifika Chemvuli akiwa amepungua kiuno, rula kwapani, Bibi Mishi nyuma yake. Mlangoni alikaa Koplo Mganwa, mtu wa makamo mwenye kitambi na pumzi fupi, bunduki mapajani. Mlango ulirudishwa.

Daktari Siwema aliushika mkanda kwa mikono miwili, akausimamisha hewani kama alivyohukumiwa. Mikono yake ilitulia. Bwana Ngoleka aliitoa rula, akaitazama. Mistari yake ilikuwa imetulia pia, mmoja mmoja, kama zamani. Akaigeuza, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Kisha akakunja mkono wa shati, na yeye mwenyewe, bila kuombwa, akaupenyeza mkono ndani ya mkanda.

Mshale ulipanda, ukashuka, ukatulia mahali ambapo Daktari hakuwa ameuona ukitulia kwa mtu huyu.

"Leo," alisema, "tunaling'oa."

"Sifa zote kwa Mungu," alisema Bibi Mishi. "Nimechoka kumpikia uji."

Sindano ikaingia. Ganzi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kushika, sauti ya Koplo iliposikika kutoka nje.

"Bwana Mkaguzi! Natakiwa kutangaziwa! Ni shubiri ngapi?"

Daktari aliganda, koleo mkononi. Bibi Mishi aliuangalia mkono wa mumewe, uliofungwa mkanda barabara, kisha akaiangalia rula dirishani. Bwana Hamduni Ngoleka alivuta pumzi, na kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado yake, akatamka kwa sauti iliyosikika hadi uwanjani:

"Shubiri moja!"

Kitasa kikazunguka. Koplo Mganwa aliingia kwa ncha za viatu, akaurudisha mlango nyuma yake, akaivua kofia. Bunduki alikuwa ameiacha nje kwenye kiti chake, na mkono wa shati lake ulikuwa umekwisha kukunjwa hadi juu ya kiwiko.

"Shikamoo, Daktari," alinong'ona. "Nami nina jino linanisumbua."

"Marahaba. Jino gani, Koplo?"

Askari aliutazama mkanda.

"Lolote, Daktari."